Oili Aliyoiacha Charlie

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani, na wala si kwa sababu kulitokea jambo kubwa. Tulikunywa chai, tukala vikate vya njegere, tukafungua boneti ya gari la watu. Basi. Lakini kila nikikumbuka jinsi ulivyofika katika nchi hii ya Australia, naanzia hapo, kwenye nyumba moja ya matofali mekundu kule Toongabbie, baba yako akiwa amepiga magoti kwenye saruji, kichwa chake kimezama chini ya usukani, anaichungulia pedali ya breki.

Nakuandikia kwa sababu ya ile picha uliyonitumia juzi. Gari zuri, sikatai. Ukaniandikia, "Auntie look, hardly any ks on it!" yaani halijatembea kilomita nyingi, na kile kiuso kinachocheka. Wewe Kiswahili unakielewa vizuri sana, kukijibu tu ndiyo kazi, kwa hiyo soma polepole, na ukikwama mwulize mama yako. Ndiye aliyenipa ruhusa ya kukusimulia haya, hata yale ya mwisho.

Wakati huo mimi nilikuwa nasomea uuguzi, msichana wa miaka ishirini na kitu, tena mwembamba, usicheke. Baba yako, kaka yangu Mutua, alikuwa anapanga mizigo kwenye ghala moja Seven Hills, na tulikuwa tumepanga nyumba pamoja hapo hapo karibu. Wewe na mama yako Ndinda mlikuwa bado Machakos. Baba yako alipokuacha ulikuwa unatambaa, na sasa tulikuwa tunasikia kwamba unakimbia na kuwarushia kuku mawe.

Basi baba yako akapata kazi nzuri kuliko ile ya ghala, ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, asubuhi kwa huyu, mchana kwa yule. Kazi hiyo haifanyiki bila gari lako mwenyewe, na liwe gari linalowaka kila siku, kwa sababu mzee anayengoja kuogeshwa hawezi kuambiwa kwamba injini imegoma. Kazi hiyo ndiyo ingemwezesha kuwaleta ninyi. Na akiba yake ilitosha gari moja tu. Akilikosea, kazi imekwenda, nanyi mnabaki Machakos hadi Mungu ajue lini. Jambo hilo tulilijua sisi wawili, ingawa hakuna aliyelisema kwa sauti.

Halafu akaona kikaratasi kwenye dirisha la duka karibu na stesheni ya Toongabbie. Gari la Kijerumani, la kifahari, viti vya ngozi, mwenyewe mmoja tangu likiwa jipya, kilomita chache mno. Jina la kampuni sitalitaja, maana gari lenyewe halikuwa na kosa. Baba yako akaanza kutembea kwa maringo kabla hata hajaliona. Naamini kimawazo alikuwa ameshamwona mama yako uwanja wa ndege, anafunguliwa mlango, anauliza, "Hili ni letu?"

Mwenye gari alikuwa Bi Carmen, bibi wa Kimalta, mjane, mfupi, ameshika fimbo ambayo sikumwona akiiegemea hata mara moja. Alitupeleka nyuma ya nyumba, akafungua banda, na gari likawa pale, la buluu iliyoiva, safi, linang'aa. Baba yako akavua koti, akanipa nilishike.

Sasa nikueleze kitu kuhusu watu wa kwetu na magari. Mtu wetu akienda kununua gari anakwenda na hofu moja kubwa, kwamba mita imechezewa na kilomita zimerudishwa nyuma. Nairobi kila mtu ana jamaa yake aliyeuziwa gari "la juzi tu kutoka Japani," kumbe lilizeeka likabatizwa upya. Kwa hiyo tumejifunza kulisoma gari bila kumwamini anayeliuza. Ukikuta mpira wa pedali umelika, usukani umelainika kwa kushikwa, kiti cha dereva kimebonyea, unajua ile mita ni mwongo. Baba yako alivikagua vyote hivyo, na vingine ambavyo sikuwahi kuvisikia, mpaka uzi wa mkanda wa kiti.

Akainuka amejaa vumbi magotini na furaha usoni. "Mwende, hii mileage ni genuine," akaninong'oneza. "Hawajagusa kitu. Hii gari imelala tu."

Mimi nikabaki na lile neno. Imelala kwa nini? Gari zuri namna hii, mtu amelihangaikia, halafu analiacha lilale? Unanijua, mwanangu. Jambo likiniingia kichwani halitoki mpaka nilijue. Marehemu nyanya yako alikuwa akisema nitaolewa na polisi ili tuhojiane. Nikaanza kuchungulia. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mto mdogo na blanketi lililokunjwa vizuri. Matairi hayakuwa yamelika hata kidogo, ila ubavuni mpira ulikuwa umeanza kupasuka. Betri ilikuwa mpya kabisa. Nikajiuliza nani alikuwa analala huko nyuma, na kwa nini betri mpya kwenye gari lisilokwenda popote.

Nikafungua mdomo kuuliza, baba yako akanikanyaga mguu.

"Wacha maswali," akasema huku ameuma meno. "Huyu ni mama wa watu, na amefiwa. Utaanzaje kumhoji kuhusu vitu vya marehemu?"

Usimcheke baba yako. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mtu mzima humkodolei macho ukamuuliza hili na lile, na aliyefiwa ndiyo kabisa. Unampa pole, unakula anachokupa, unanyamaza. Kumwuliza yule bibi kama gari la mumewe lilitunzwa, kwa baba yako, ilikuwa sawa na kumwuliza kama mume mwenyewe alitunzwa. Pedali hazina uchungu, kwa hiyo alizihoji pedali.

Tukaingia jikoni. Bi Carmen akatuwekea chai na vile vikate vya Kimalta vyenye njegere ndani, vya moto, vinavyomwaga makombo hadi kwenye mapaja. Baba yako akala, akashukuru, akampa pole tena, akasema atalichukua gari. Hakuweka sharti lolote. Wakapeana mkono juu ya meza. Bi Carmen alifurahi, lakini nikaona anatuangalia kwa namna fulani, baba yako kisha mimi, kama mwenyeji anayejua wageni wana jambo la kusema na bado hawajalisema. Mikono yake ilikuwa imetulia kando ya kikombe.

Nami nikashindwa. "Mama," nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha wakati ule, "mlikuwa mkienda wapi na hili gari?"

Baba yako akakohoa. Bi Carmen akasogeza kiti karibu nami.

Alizungumza hadi chai ikapoa. Mumewe, Charlie, alilinunua alipostaafu. Alitaka waende nalo mpaka Perth, upande wa pili kabisa wa nchi, wao wawili tu, wakisimama wanapotaka. Alikuwa ameshanunua hata majiko ya kupikia njiani. Halafu akaugua. Kuanzia hapo gari likawa linakwenda kanisani, kona ile pale, na hospitali Westmead, kisha kurudi. Charlie alilazwa kiti cha nyuma na ule mto kwa sababu kukaa wima kulimuumiza. Alipofariki, Bi Carmen akawa analiwasha kila Jumapili likiwa pale pale bandani, anasikiliza mlio wake kidogo, analizima. Betri ikafa kwa mtindo huo, akanunua nyingine.

"Na oili, mama? Nani alikuwa anaibadilisha?"

"Charlie," akasema, akatabasamu. "Hakukubali fundi aguse. Mara ya mwisho aliingia humu jikoni na mikono myeusi akashika pazia langu, nikamfokea." Akaelekeza kidole dirishani, ingawa pazia lilikuwa jingine. "Baada ya hapo sikumruhusu mtu. Wapwa wangu walitaka kunisaidia, nikawakatalia. Ile ni oili yake. Aliimimina yeye."

Nilimhurumia, mwanangu. Lakini hapo hapo, upande mwingine wa kichwa changu ulikuwa umeshakimbilia nyumbani, Mwala, kwenye mashine ya kusaga ya babu yako. Kuna mwaka mvua haikunyesha na watu hawakuwa na mahindi ya kuleta, mashine ikakaa. Siku moja nikamkuta babu yako ameinama chini yake, anamwaga oili ambayo haikuwa imefanya kazi yoyote. Nikamwuliza, kwani mimi nilianza zamani, mbona anaitupa na haijatumika? Akanijibu bila kuinua kichwa: "Imekaa. Hata ikikaa inaharibika. Na ukiiwasha mashine kidogo kidogo bila kuipasha moto, unaizidishia." Baba yako alikuwa shule ya bweni wakati huo, kwa hiyo hilo hakulisikia.

Nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, nikijaribu kutabasamu ili Bi Carmen asishtuke. Nikamwambia oili ile ina umri wa ugonjwa wa Charlie na msiba wake juu. Baba yako akakunja uso.

"Nimeshampa mkono," akasema. "Nimekula kwake. Sasa nitamwambia aje, ati bwana yake ametuachia kitu mbovu?"

"Na Ndinda? Na mtoto?"

Aliangalia makombo kwenye sahani yake, na nikajua kwamba angelinunua lile gari. Angelinunua akijua, kuliko kumvunja moyo bibi wa watu mezani kwake. Nilimkasirikia na nilimpenda, vyote kwa pamoja.

Bi Carmen hakuwa na neno moja la Kiswahili, lakini nyuso alizielewa. Akauliza kuna nini. Nikamgeukia, na swali nililomwuliza sijui lilitoka wapi, kwa sababu sikulipanga: "Mama, kama mimi ningekuwa binti yako, ungeniuzia hili gari?"

Akasukuma kikombe kando. Kisha akasema, "Sijui. Hebu tukalitazame."

Tulifungua boneti sisi watatu. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, na kilichokuja nacho kilikuwa cheusi, kizito kama uji uliolala. Nikafungua kifuniko cha kutilia oili, na chini yake kulikuwa na utando laini wa rangi ya chai ya maziwa. Nikamweleza kama nilivyoelezwa na babu yako. Safari za kanisani na hospitali zilikuwa fupi, injini haikuwahi kupata moto wa kukausha unyevu wake, na maji yakabaki humo humo yakichanganyika na oili iliyochoka. Gari halikuwa limepumzika muda wote huo. Lilikuwa linaliwa ndani kwa ndani.

Bi Carmen akashika ukingo wa boneti. "Basi sikulitunza," akasema.

Nikamwambia alikuwa na mgonjwa wa kumtunza. Akatikisa kichwa, akapangusa jicho, kisha akamgeukia baba yako, na hapo ndipo nilipolisikia lile karipio ambalo nimelibeba miaka yote hii. Hakupaza sauti hata kidogo.

"Kijana," akamwambia, "umelikagua gari langu kama polisi. Umekagua pedali, umekagua kiti, umekagua mpaka mkanda. Ulikuwa unatafuta mahali nilipodanganya. Na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako muda wote. Ungeniuliza, ningekuambia. Tangu Charlie afe watu wananiletea chakula, wananishika bega, na hakuna anayeniuliza kitu. Mnafikiri mkiniuliza nitavunjika?"

Baba yako aliinamisha kichwa. Alitaka kuomba msamaha na Kiingereza chote kikamkimbia, ikabidi amshike mkono tu.

Bi Carmen mwenyewe ndiye aliyeita fundi wiki iliyofuata. Fundi akasema injini huenda ikadumu mwaka, huenda isifike hata Parramatta hapo jirani, na hakuna wa kuapa. Bi Carmen akampa baba yako mkono tena, akasema huu ni wa kuufuta ule wa kwanza. Baadaye alimwuzia gari bwana mmoja anayependa kufungua injini na kuziunda upya, akamweleza kila kitu kabla hajauliza, hadi habari za pazia. Ile oili ilipotolewa, alifanya nini nayo? Hilo sikumwuliza. Nilitaka, Mungu ananijua, lakini nikaliacha.

Turudi kwenye ile Jumamosi. Tulirudi Seven Hills kwa miguu, maana baba yako alikataa treni. Tulipofika akaingia dukani akanunua kadi ya kupigia simu nyumbani, zile za kukwaruza. Akaenda chumbani kwake. Kuta za nyumba ile zilikuwa za mbao nyembamba, na masikio yangu hayajawahi kuwa na adabu.

Ujue, kwa kawaida simu zao zilikuwa fupi. Mko salama? Tuko salama. Mtoto? Mzima. Umepata ile pesa? Nimepata, asante. Haya, salimia watu. Kila Jumapili hivyo hivyo, na baba yako alikuwa akitoka akiniambia nyumbani mambo ni shwari kabisa, Ndinda halalamiki hata siku moja.

Siku ile nikamsikia anauliza, "Ndinda, uko aje?" Kisha, "Hapana, si nyinyi wote. Nauliza wewe." Halafu akawa anasikiliza tu, muda mrefu, mpaka nikadhani kadi imekwisha.

Mama yako, kama alivyonisimulia mwenyewe baadaye, alimwambia hajui kama anataka kuja. Alimwambia anamwogopa. Hakuwa na ubaya wowote wa kumshtaki, ila mtu anayemfuata Australia hamjui tena, anajua sauti inayouliza kama pesa imefika. Akamwambia na jambo jingine. Akamwambia kwamba wewe, mtoto wake, ulikuwa unafikiri baba ni ile simu. Uliibusu ikilia, ukaiita baba, na mtu akikuuliza baba yako yuko wapi ulikwenda kuileta kutoka juu ya kabati.

Nilimsikia kaka yangu akilia, na nikatoka nje nikasimama barabarani, maana hata mimi kuna mahali nafika nikakoma.

Alifikiri nyumba yake ni nzima kwa sababu haikuwa inapiga kelele. Tangu siku hiyo akawa anauliza. Aliuliza vibaya mwanzoni, kama mtu anayejaza fomu ya serikali, na mama yako alimcheka. Kisha akajifunza. Kadi zikaisha moja baada ya nyingine. Wakati huo huo alinunua gari la mwalimu mmoja jirani, kigari cheupe kilichotembea hadi namba zake zinachosha kusoma, na alimwuliza yule mwalimu kuhusu oili, na safari, na mafuta, na watoto wake, mpaka mwalimu akamkaribisha chakula. Kigari kikawaka kila asubuhi. Kazi ikashika. Na mama yako, baada ya kufikiri sana, akasema atakuja.

Nilikuwepo uwanja wa ndege. Mama yako alikuwa mbele na mizigo, wewe umeng'ang'ania sketi yake. Baba yako akachuchumaa akakufungulia mikono. Ukamtazama kuanzia kichwani, ukashuka taratibu mpaka kwenye viatu vyake. Kisha ukamgeukia mama yako, ukauliza kwa sauti iliyogeuza vichwa vya watu: "Kwani baba ana miguu?"

Baba yako alicheka hadi akakaa sakafuni. Alikaa pale chini, katikati ya abiria na matoroli yao, akakuonyesha mguu mmoja, kisha wa pili, nawe ukavigusa viatu vyake kwanza ndipo ukamkubali.

Sasa, mwanangu, nasaha zangu ni hizi. Gari ulilolipenda usilikatae kwa sababu limetembea kidogo, na usilichukue kwa sababu hiyo. Kilomita chache zinakuambia halikwenda mbali. Hazikuambii lilikaa vipi. Mtafute mwenyewe, umwulize lilikuwa linakwenda wapi, lini lilibadilishwa oili, na nani aliibadilisha. Oili hubadilishwa hata kwa gari linaloshinda bandani. Kisha mlete fundi asiyemjua muuzaji wala wewe.

Lakini hayo yote hata fundi angekuambia. Langu mimi ni hili jingine. Usione haya kumwuliza mtu. Sisi tumefundishwa kwamba kunyamaza ni heshima, na mara nyingi ni kweli, ila kuna kunyamaza ambako ni kumwacha mtu peke yake na mambo yake huku ukila vikate vyake. Uliza kwa upole, ukae chini, usubiri jibu. Na ukiona mtu wako wa karibu halalamiki kamwe, mwulize yeye kwanza kabla ya wote. Baba yako anakuambia kila siku kwamba mgongo haumsumbui. Umewahi kumwuliza mara ya pili?

Mungu akupe safari ndefu, zile za kupasha injini moto, na mtu wa kukaa naye kiti cha mbele. Akupe watu watakaokujibu ukweli, na moyo wa kuupokea. Na siku utakapofika mahali ambapo hawakujui, awepo mtoto mmoja wa kukutazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, aulize kwa sauti, na usikasirike.